Kabla ya Uamsho kulikuwa na urafiki: somo la Gahini kwa wanaoanza huduma

Wanafunzi wangu wa uinjilisti wakikaribia kupangiwa vituo huniuliza swali lilelile: nikifika mahali ambapo hakuna anayenijua, nianzie wapi? Wengi wanatarajia niwape mpango wa mkutano wa injili, ratiba ya semina, au namna ya kumwandikia barua mtendaji wa kijiji. Hayo yana wakati wake. Mimi nafundisha historia ya kanisa, kwa hiyo nawarudisha mwaka 1929, kwenye mwanzo wa Uamsho wa Afrika Mashariki, vuguvugu la toba na ushirika lililoanzia Rwanda na Uganda likaenea makanisani.

Joe Church alikuwa daktari kijana Mwingereza, msomi wa Cambridge. Alifika Gahini, kando ya Ziwa Muhazi mashariki mwa Rwanda, mwaka 1928, kufanya kazi katika hospitali ya misheni ya Kianglikana. Njaa kubwa ambayo Wanyarwanda wanaiita Rwakayihura ikamkuta pale. Watu wengi walikufa, wengine wakahama kwenda Uganda kutafuta chakula, na hospitali ikaelemewa. Kufikia Septemba 1929 daktari yule alikuwa amechoka mwili na roho. Akaenda Kampala kupumzika.

Huko, kwenye kilima cha Namirembe, akakutana na Simeoni Nsibambi. Huyu alikuwa Mganda wa ukoo wa machifu, aliyesoma shule ya Budo, akatumika kwenye kikosi cha tiba wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia, kisha akafanya kazi ya afya katika serikali ya Buganda. Wakakaa pamoja siku mbili wakisoma Biblia na kuomba, wakifuatilia kila mahali inapomtaja Roho Mtakatifu.

Wanafunzi hupenda kuharakisha hapa ili wafike kwenye umati na toba. Mimi huwazuia. Fikirieni utaratibu wa siku zile: mzungu anafundisha, Mwafrika anasikiliza, mzungu anatoa, Mwafrika anapokea. Katika siku zile mbili mpango huo haukuwepo. Daktari hakuja na dawa wala fedha za misheni. Alikuja ameishiwa, na mtu aliyekaa naye alikuwa na kiu ileile. Kwa maoni yangu, mlango wote uliofunguka baadaye ulifunguka kwa sababu hiyo: aliyetumwa kuhudumia watu alikubali kuhudumiwa na mmoja wao.

Kilichofuata Gahini hakikuwa rahisi. Kati ya wamisionari na wafanyakazi Waafrika wa hospitali kulikuwa na manung'uniko mengi. Yosiya Kinuka, msaidizi mkuu pale hospitalini, mtu wa Ankole, alikuwa amefikia hatua ya kutaka kuondoka. Church hakumwandikia barua ya onyo. Alimwacha aende Kampala kumtembelea Nsibambi. Kinuka akamweleza Nsibambi maovu ya Gahini, na Nsibambi akamwelekeza atazame kwanza moyo wake mwenyewe. Angetamka maneno hayo daktari, yangekuwa karipio la bosi. Yalipotoka kwa Mwafrika mwenzake, mtu asiyekuwa na cheo chochote juu yake, Kinuka aliyapokea, akarudi kazini mtu mwingine. Blasio Kigozi, mdogo wake Nsibambi, naye alikuwa amekwenda Gahini kufundisha. Hao wakawa kiini cha kikundi kilichokutana kusoma, kuomba na kuambiana ukweli, pamoja na ukweli kuhusu dharau ya wazungu na chuki ya Waafrika. Daktari akatubu mbele ya wasaidizi wake, na wasaidizi wakatubu mbele ya daktari.

Kwa nini jambo hilo lilifungua milango? Kwa sababu watu waliliona. Timu iliyokwenda kuhubiri Kabale, Uganda, mwaka 1935, na ile ya Mukono, pia Uganda, mwaka 1936, ilikuwa ya Waafrika na wazungu waliosimama pamoja wakihubiri. Katika ukoloni, kumwona mzungu akimwita Mwafrika ndugu na kukosolewa naye hadharani kulikuwa kumehubiri nusu ya mahubiri kabla hata Biblia haijafunguliwa. Kigozi alifariki Januari 1936, angali kijana, lakini moto haukuzimika. Kufikia mwisho wa miaka ya 1930 Uamsho ulikuwa umeingia Kenya na Tanganyika. Haukusambazwa na ofisi. Ulipita kwa watu waliotembeleana, waliolala nyumbani kwa wenzao na kula mezani pao. Wale tunaowaita walokole hapa Tanzania ni watoto wa safari hizo. Ushirika huo ulijaribiwa vikali Kenya katika miaka ya hali ya hatari kuanzia 1952, pale ndugu wengi wa Uamsho miongoni mwa Wakikuyu walipokataa kula kiapo cha Mau Mau na wakakataa pia kubeba bunduki za serikali. Baadhi yao waliuawa.

Lazima niseme na upande wa pili, maana naipenda historia hii mno kuipamba. Ushirika wa karibu unaweza kugeuka ukuta. Mahali pengi ndugu wa Uamsho walianza kuwahesabu Wakristo wengine kuwa watu wa nje, na makanisa yakagawanyika. Na nchi ileile ya Gahini, katika mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi mwaka 1994, iliona watu wakiuawa ndani ya majengo ya ibada walimokimbilia. Ukaribu na walio kama sisi hautoshi. Urafiki wa Namirembe ulikuwa na nguvu kwa sababu ulivuka mpaka ambao jamii nzima ilikuwa imeukubali. Kanisa lilipoacha kuvuka mpaka uliokuwa ndani yake lenyewe, milango ilifungwa, na waliolipa ni wanyonge.

Sasa, mwinjilisti wa leo aliyepangiwa kijiji kigeni afanye nini? Nawaambia wanafunzi: miezi ya kwanza uwe mtu wa kupokea. Ukipiga hodi ukakaribishwa ugali, kaa ule, hata kama umeshiba. Omba ufundishwe kilimo cha pale, njia za pale, salamu za wazee wa pale. Msiba ukitokea, nenda kachimbe kaburi na wanaume wenzako, na mwinjilisti wa kike akaingie jikoni na akina mama. Usifike saa ya mahubiri tu ukiwa umevaa suti. Mwombe mzee wa mtaa akuombee, au akushauri, na umaanishe. Mtu aliyekusaidia ana sababu ya kukuamini ambayo msaada wako kwake hauwezi kuizaa.

Jirani yako akiwa Mwislamu, mpelekee futari wakati wa Ramadhani na upokee sahani yake ya pilau Idi ikifika, bila kijitabu ulichokificha mfukoni. Hapa nina msimamo mkali: urafiki unaokwisha mtu anapokataa kubatizwa ulikuwa chambo tangu mwanzo, na watu wanakijua chambo wakikiona. Jirani asiyebadili dini abaki rafiki yako wa kweli, umuuguze na umzike. Imani yako usiifiche. Akikuuliza, mweleze yote.

Ugumu mkubwa ninaousikia kutoka vituoni ni taarifa ya robo mwaka. Ofisi inataka idadi ya mikutano na ya waongofu, na mwinjilisti aliyetumia miezi mitatu kwenye misiba na mashamba ya watu hana namba ya kujaza. Nawashauri waandike walichofanya kwa majina ya shughuli: nimemsindikiza mgonjwa zahanati, nimekaa matanga, nimesuluhisha ugomvi wa mpaka wa shamba baada ya kuombwa na pande zote mbili. Wakuu wa majimbo wanaosoma taarifa hizi nawaomba waongeze kwenye fomu swali moja: nani amekusaidia kijijini robo hii, na kwa jambo gani? Jibu la swali hilo litawaonyesha mapema kama mwinjilisti wao ameanza kuaminiwa au bado ni mgeni.