Kichupa cha Mtakatifu Yosefu na Kichupa cha Padre

Mama mmoja wa jumuiya yetu aliniwekea mezani kichupa cha plastiki, kirefu kama kidole, chenye mafuta ya manjano hafifu, akaniuliza: "Mwalimu, mume wangu akishapakwa haya, bado nimwite padre?" Mafuta yenyewe aliletewa na bintiye kutoka Montreal, Kanada, na swali lake nimeulizwa mara nyingi tangu nianze kufundisha liturujia. Nilimjibu kwamba amwite, tena asichelewe.

Mafuta hayo yana historia ya kuheshimika. Bruda André Bessette wa Shirika la Msalaba Mtakatifu, aliyezaliwa mwaka 1845, alikuwa bawabu wa shule ya Notre-Dame mjini humo kwa takriban miaka 40, na wagonjwa waliomfuata mlangoni aliwapa mafuta yaliyochotwa katika taa iliyowaka mbele ya sanamu ya Mtakatifu Yosefu, akiwahimiza wajipake huku wakimwomba mtakatifu huyo awaombee. Mwaka 1904 kilijengwa kikanisa kidogo mlimani, mkabala na shule, na leo mahali hapo pana basilika kubwa ambamo yametundikwa magongo yaliyoachwa na waliopata nafuu. Hata hivyo, mtu akimshukuru yeye kwa kumponya, bruda alikasirika, kwa sababu yeye hakuwa mponyaji. Na hasira hiyo, kwa maoni yangu, inafundisha maana ya maombezi kuliko mihadhara yangu yote. Papa Benedikto XVI alimtangaza mtakatifu tarehe 17 Oktoba 2010.

Mafuta ya wagonjwa, yale ya sakramenti ya Mpako wa Wagonjwa, ni jambo jingine. Hubarikiwa na askofu, kwa kawaida katika Misa ya Krisma, na kichupa cha padre mara nyingi huchorwa herufi OI, kifupi cha maneno ya Kilatini yenye maana hiyohiyo. Tofauti haiko katika kimiminika, maana tangu mwaka 1972 Paulo VI aliruhusu mafuta ya mimea mingine pale ambapo zeituni ni adimu, kwa hiyo hata ya alizeti yanafaa. Tofauti ni kwamba sakramenti hutenda kwa nguvu ya Kristo mwenyewe kupitia padre, ambaye kwa mujibu wa kanoni 1003 ya Sheria ya Kanisa ndiye pekee awezaye kuitoa kihalali, ilhali kisakramenti, yaani kitu cha ibada kama mafuta ya Mtakatifu Yosefu, huegemea sala ya Kanisa na utayari wa anayekipokea.

Liko na jambo ambalo wengi hulisahau: maelekezo ya Vatikani ya mwaka 1997 yanawakataza wasio na daraja takatifu kuwapaka watu mafuta, yawe ya wagonjwa au mengine yoyote. Ndiyo maana nilimshauri mama yule amwachie mumewe, aliyepatwa na kiharusi, ajipake mwenyewe. Mzee alifanya hivyo kwa mkono wa kulia, akiusugua taratibu ule wa kushoto uliolegea, mkewe akiongoza Litania ya Mtakatifu Yosefu.

Padre alifika Alhamisi jioni. Kichupa cha Montreal kilikuwa juu ya stuli kando ya vidonge vya presha, naye akakisogeza kidogo ili apate pa kuweka chake.