Kizunguzungu si Wokovu

"Mwalimu, leo nimefika. Vidole vimewasha, midomo imekufa ganzi, halafu nikaona mwanga." Kwa maneno haya au yanayokaribiana nayo, nimeshasikia ushuhuda huu mara nyingi kwenye darasa langu la yoga hapa Nakuru, hata siku hizi najibu kabla mtu hajamaliza. Hujafika popote. Umepumua kupita kiasi. Hiyo ni mojawapo ya dhana potofu ninazozijibu hapa.

Dhana: ukipumua kwa nguvu mpaka mwili ubadilike, roho inaamka

Hii ndiyo inayonikera kuliko zote, kwa sababu aliyeishika hataki kuiachia. Ameonja kitu. Kweli ameonja, ila sicho alichodhani. Mtu mzima aliyetulia hupumua mara 12 hadi 20 kwa dakika. Akianza kupumua haraka na kwa kina, haongezi oksijeni ya maana. Damu ya mtu mwenye afya, hata hapa kwetu mita 1,850 hivi juu ya usawa wa bahari, tayari imebeba zaidi ya asilimia 90 ya oksijeni inayoweza kuibeba. Anachofanya ni kufukuza kaboni dioksaidi. Hiyo ikipungua, mishipa ya damu ya ubongo hubana na ubongo hupata damu kidogo. Hapo ndipo kinapotoka kizunguzungu, na vimulimuli mnavyoviita mwanga. Damu nayo inakuwa ya alikali zaidi, kalsiamu iliyo huru ndani yake inapungua, neva zinaanza kufyatuka ovyo. Ganzi ya midomo na vidole ni hiyo.

Mama mmoja aliletwa kwangu na binti yake, baada ya kufuata video za simu kwa wiki kadhaa. Nikamwomba anionyeshe anavyofanya. Muda si muda viganja vyake vikakunjika kwenye vifundo, vidole vikanyooka vikashikana ncha, gumba likaingia ndani. Binti akaanza kukemea kwa sauti. Mama analia kwa furaha, anasema ameguswa. Nikamwambia, "Mama, funga mdomo. Pumua kwa pua, polepole, usivute nyingine kabla hii haijaisha." Vidole vikaachia vyenyewe. Madaktari wa kitengo cha dharura hukutana na mikono ya namna hiyo kwa watu waliopatwa na hofu kali, na sijasikia hata mmoja akiandika samadhi, ule utulivu wa juu kabisa wa kutafakari, kwenye faili.

Maandiko yenyewe hayawatetei. Kwa Patanjali, mwandishi wa kale wa Sutra za Yoga, pranayama, yaani mazoezi ya pumzi, ni kiungo cha nne kati ya vinane vya yoga, na pumzi anayoieleza ni ile inayozidi kuwa ndefu na nyembamba. Makelele hayamo. Tunda analolitaja ni akili kuwa tayari kwa dharana, yaani kutulia mahali pamoja, maana yake kazi kubwa bado iko mbele. Hatha Yoga Pradipika, kitabu cha mafunzo cha karne ya 15, inasema pumzi ifugwe taratibu, kama anavyofugwa simba, tembo au simbamarara, la sivyo itamuua mfugaji. Na hiyo kapalabhati, kutoa pumzi haraka kwa kishindo, ambayo kila mtu anaiita pranayama, humo imewekwa kati ya mazoezi sita ya kusafisha mwili.

Kwa hiyo zoezi langu ni lile lile, mtanisamehe: vuta kwa sekunde 4, toa kwa 6, kwa pua, bila kubana pumzi. Hizo ni pumzi 6 kwa dakika. Moyo unatulia na huna cha kwenda kusimulia nyumbani. Wanaolalamika kwamba halina msisimko ndio hasa ninaowapa wiki nyingine ya hilo hilo.

Dhana: mkao ukiwa mgumu, daraja la kiroho liko juu

Yaani anayesimama kwa kichwa amemtangulia anayeketi! Sutra za Patanjali hazifiki 200, na zinazohusu asana, yaani mikao, ni tatu tu. Zinataka mkao uwe thabiti na wa raha, bidii ilegezwe, hadi baridi na joto visikutikise. (Baridi ya saa kumi na mbili asubuhi hapa Milimani ni mtihani tosha.) Pradipika inaeleza mikao 15, mingi ni ya kuketi, na mwandishi wake Svatmarama anasema wazi kwamba anafundisha hatha, yoga ya mwili na pumzi, kwa ajili ya raja yoga, ile ya kutafakari, tu. Misururu ya mikao mnayoiona leo ilipata sura yake karne ya 20, kwa sehemu kubwa kupitia mwalimu Krishnamacharya, aliyefundisha Mysore, India, miaka ya 1930, na wanafunzi wake kama Iyengar na Pattabhi Jois. Ni kazi nzuri, nami naifundisha. Haigawi vyeo.

Dhana: basi mikao haina kazi, tutafakari tu

Hawa huwa wamesoma kidogo. Watamtaja Vivekananda, mtawa wa Kihindu aliyeitangaza yoga Magharibi, ambaye kweli hakuipa hatha uzito. Sawa. Keti sakafuni nusu saa bila kujiandaa, uone utatafakari nini. Utatafakari goti.

Dhana: mwili wangu umekakamaa, yoga si yangu

Viti vipo ukumbini. Keti.

Dhana: ukifunga macho na kupumua unakaribisha mapepo

Sitaficha kwamba yoga imekulia ndani ya dini za India, na kwamba kujikabidhi kwa Ishvara, yaani Mungu, ni mojawapo ya niyama, kanuni za nidhamu binafsi za yoga. Ambaye dhamiri yake inamsuta asiburutwe na rafiki; mazoezi mengine yapo. Ila kunyoosha nyonga si ibada, na pumzi unayoivuta darasani kwangu ndiyo uliyoingia nayo.

Lililo muhimu zaidi ya mapepo ni presha. Mwenye presha, kifafa, ngiri au mimba asifanye kapalabhati wala kubana pumzi, na aniambie kabla ya kutandaza mkeka. Wengi hunieleza wakati wa kuvaa viatu.