Je, wajua kwa nini sheria ya afya ya Obama ilianza ikiwa muswada wa nyumba za wanajeshi?

Kila muswada unaoingia Bunge la Marekani hupewa namba, na sheria ambayo dunia nzima inaiita Obamacare ina yake: H.R. 3590. Herufi hizo mbili zinaonyesha kwamba muswada ulizaliwa katika Baraza la Wawakilishi, moja ya mabunge mawili yanayounda Bunge hilo, la pili likiwa Seneti. Ukifuata nyayo za namba hiyo hadi ilikotoka, unakutana na kioja. Oktoba 8, 2009 wawakilishi waliupitisha H.R. 3590 kwa kura 416 kwa 0, na haukuwa muswada wa afya. Ulihusu nafuu ya kodi kwa wanajeshi na watumishi wengine wa serikali wanaonunua nyumba ilhali kazi inawahamisha huku na kule.

Miezi mitano na nusu baadaye, Machi 23, 2010, Rais Barack Obama aliketi White House, akatumia kalamu 22 kuandika jina lake moja tu, akautia saini muswada wenye namba ileile. Wanajeshi na nyumba zao hawakuwemo tena. Ndani yake mlikuwa na mabadiliko makubwa kuliko yote ya huduma za afya nchini humo tangu mwaka 1965. Ilikuwaje?

Jibu fupi liko kwenye Katiba ya Marekani, ibara ya kwanza, kifungu cha saba: miswada ya kukusanya mapato lazima ianzie Baraza la Wawakilishi. Sheria ya afya ilikuwa imesheheni kodi na tozo, na Seneti ilitaka kuandika ya kwake. Ikafanya ujanja ambao mabunge yote mawili yanaujua siku nyingi: ikachukua muswada ambao tayari umetoka kwa wawakilishi na unagusa kodi, ikafuta maneno yote kuanzia sentensi ya kwanza, ikapachika maandishi mapya. Kilichobaki ni namba, kama kifuu baada ya nazi kukunwa. Wanajeshi wenyewe hawakupunjwa, maana nafuu ya aina hiyo iliwekwa katika sheria nyingine iliyosainiwa Novemba 6, 2009.

Jibu refu ni la hesabu, na hapo ndipo ilipo siasa yenyewe.

Seneti ina watu 100, wawili kwa kila jimbo. Muswada unapita kwa wingi wa kawaida. Ila kabla ya kura hiyo lazima mjadala ufungwe, na tangu 1975 kuufunga kunahitaji kura 60. Zamani anayetaka kukwamisha muswada alisimama akahutubia mpaka sauti imkauke. Siku hizi inatosha kutangaza nia. Kwa hiyo watu 41 wakishikamana, muswada unakaa hapo hapo hata kama 59 wanautaka.

Obama alipoapishwa Januari 2009, chama chake cha Democratic hakikuwa na 60. Aprili seneta Arlen Specter wa Pennsylvania aliwahama Warepublikani, yaani chama pinzani, akajiunga nacho. Kule Minnesota, Al Franken alikuwa ameshinda kwa tofauti ya kura 312, na baada ya kuhesabu upya na kwenda mahakamani alikuja kuapishwa Julai. Ukijumlisha na maseneta wawili wasio na chama, Bernie Sanders na Joe Lieberman, wakatimia 60 kwenye karatasi. Lakini Ted Kennedy wa Massachusetts, aliyeipigania bima ya afya karibu maisha yake yote ya siasa, alikuwa akiumwa saratani ya ubongo. Alifariki Agosti 25. Jimbo lake lilibidi libadilishe sheria ili gavana aweze kuteua wa kushikilia kiti, na Paul Kirk akaapishwa Septemba 25. Hapo ndipo 60 wakawa 60 wa kweli. Hali hiyo ilidumu kwa miezi minne na siku chache.

Mtu anaweza kuuliza, kwani shida ni nini mpaka kila kura iwe vita? Mbona nchi nyingi tajiri zilimaliza jambo hili zamani? Hapa inabidi turudi kwenye Vita Kuu ya Pili ya Dunia. Serikali ilidhibiti mishahara, na waajiri waliokuwa wakigombania wafanyakazi wakakuta mwanya: mshahara usipande, bima ya afya ruksa. Baadaye sheria ya kodi ikaunogesha mtindo huo, kwa sababu bima inayolipwa na mwajiri haikatwi kodi ya mapato. Basi Wamarekani wengi wakazoea kupata bima kupitia kazi. Mwaka 1945 Rais Harry Truman alipoliomba Bunge bima ya taifa, chama cha madaktari kilimpinga kwa nguvu zote kikiuita mpango wake ujamaa, naye akashindwa. Mwaka 1965 Lyndon Johnson alifanikiwa kwa sehemu: Medicare kwa wazee na Medicaid kwa watu wa kipato cha chini. Bill Clinton alijaribu mwaka 1993, na mwaka uliofuata mpango wake ulikufa bila hata kupigiwa kura ya mwisho. Kila jaribio liligonga ukuta uleule. Mwenye bima anaogopa kupoteza alichonacho kuliko anavyomhurumia asiye nacho.

Woga huo ulionekana wazi Agosti 2009, wabunge waliporudi majimboni kwenye mikutano ya hadhara wakakuta watu wamefura kwa hasira. Muswada wa wawakilishi ulikuwa na kipengele cha kumlipa daktari pale mgonjwa wa Medicare anapotaka kuzungumza naye kuhusu matibabu atakayopenda mwisho wa maisha yake. Kwa hiari, si lazima. Sarah Palin, aliyekuwa gavana wa Alaska, akakiita "majopo ya kifo", kana kwamba maofisa wangekaa mezani kuamua bibi yako aishi au afe. Uongo huo ulisambaa kuliko maelezo yoyote ya kuukanusha. Kipengele chenyewe hakikuingia kwenye sheria.

Turudi kwenye ile 60. Ukiwa na kura 60 kamili na unahitaji 60 kamili, kila seneta ni mfalme. Lieberman alisema hataunga mkono bima ya serikali itakayoshindana na kampuni binafsi, na bima hiyo ikaondolewa. Likaja wazo la kuwaruhusu watu wa miaka 55 na kuendelea kujiunga na Medicare. Akalikataa pia, likaondolewa. Ben Nelson wa Nebraska akapewa ahadi kwamba serikali kuu italipia milele gharama yote ya kupanua Medicaid jimboni kwake, kitu ambacho hakuna jimbo lingine lililopewa. Mpaka leo wapo wanaomlaumu Obama kwa kuitosa bima ya serikali. Mimi nawaambia wahesabu kwanza: 60 ukitoa Lieberman ni 59, na 59 haifungi mjadala.

Kura ya Seneti ilipigwa asubuhi mapema ya mkesha wa Krismasi, Desemba 24, 2009. Maseneta walikaa kwenye viti vyao wakaitwa majina mmoja mmoja. Robert Byrd wa West Virginia, mwenye miaka 92, aliingizwa akiwa kwenye kiti cha magurudumu, na jina lake lilipotajwa alisema kwamba kura ile ni ya rafiki yake Ted Kennedy, kisha akasema ndiyo. Harry Reid, kiongozi wa walio wengi, mtu aliyehangaika wiki nzima usiku na mchana kuzikusanya kura hizo, alipoitwa akajibu "hapana". Ukumbi ukaangua kicheko, akajirekebisha. Ikawa 60 kwa 39, na hakuna Mrepublikani hata mmoja aliyeiunga mkono.

Kilichopaswa kufuata ni kazi ya kawaida. Wawakilishi walikuwa na muswada wao wenyewe, walioupitisha Novemba 7 kwa 220 dhidi ya 215. Mabunge mawili hukaa pamoja, hulinganisha maandishi, husahihisha makosa, na toleo moja hurudi kupigiwa kura pande zote mbili. Januari 19, 2010 kukawa na uchaguzi mdogo Massachusetts wa kujaza kiti cha Kennedy. Mrepublikani Scott Brown akashinda, akiwa amewaambia wapigakura waziwazi kwamba atakuwa kura ya 41 ya kuukwamisha muswada. Massachusetts, jimbo la Kennedy! Wengi Washington waliamini mambo yameishia hapo.

Njia iliyobaki ilikuwa nyembamba kama uzi. Muswada ukirudi Seneti hata na mabadiliko ya koma, unahitaji 60 ambazo hazipo tena. Basi wawakilishi waumeze ule wa Seneti kama ulivyo, neno kwa neno, halafu muswada mdogo wa pili uurekebishe kwa njia ya bajeti, ambayo hairuhusu kukwamishwa na inahitaji wingi wa kawaida tu. Tatizo ni kwamba njia hiyo inakubali mambo ya fedha peke yake, na wawakilishi hawakuwaamini maseneta. Wakishaumeza muswada, nani atawahakikishia kwamba yale marekebisho yatakuja? Spika Nancy Pelosi alikaa wiki kadhaa akiwafuata wabunge mmoja mmoja. Kundi la Bart Stupak wa Michigan lilitaka uhakika kwamba fedha za serikali kuu hazitalipia utoaji mimba, na mwishoni Obama akaahidi kutoa amri ya rais ya kuthibitisha hilo.

Jumapili usiku, Machi 21, 2010, zilihitajika kura 216. Zikapatikana 219. Wademokrati 34 walipiga kura ya hapana, na Warepublikani wote vilevile. Siku nne baadaye Seneti ikapitisha marekebisho kwa 56 dhidi ya 43, na ule upendeleo wa Nebraska ukafutwa humo.

Madhara ya kuuchukua muswada bila kuupiga pasi yalionekana miaka mitano baadaye. Sheria ilisema ruzuku ya bima atapewa mtu aliyenunua kwenye soko la bima "lililoanzishwa na jimbo". Majimbo zaidi ya 30 hayakuanzisha masoko yao, serikali kuu ikawaendeshea. Wapinzani wakaenda mahakamani: ukisoma kwa herufi, watu wa majimbo hayo hawastahili ruzuku. Mamilioni ya watu walikuwa wakining'inia kwenye maneno ambayo kikao cha kawaida cha kusawazisha huenda kingeyanyoosha kabla ya chai. Juni 25, 2015 Mahakama Kuu ya Marekani iliamua kwa majaji 6 dhidi ya 3 kwamba sheria isomwe kwa ukamilifu wake na ruzuku ibaki. Jaji Mkuu John Roberts hakuacha kugusia kwamba haikuandikwa kwa ustadi.

Hesabu ileile iliwageukia Warepublikani mwaka 2017. Nao walitumia njia ya bajeti kutaka kuivunja sheria, hivyo hawakuhitaji 60. Usiku wa kuamkia Julai 28, baada ya saa saba, Mrepublikani mwenzao John McCain wa Arizona, aliyekuwa ametoka kugunduliwa saratani ya ubongo kama ile ya Kennedy, alitembea hadi mbele ya meza ya makarani, akanyoosha mkono, akageuza kidole gumba kikaelekea chini. Kura 49 dhidi ya 51, na sheria ikabaki.

Na ile namba ya nyumba za wanajeshi? Nayo ilifikishwa mahakamani. Mlalamikaji mmoja alidai kwamba kufuta muswada wa wawakilishi na kupachika mwingine kulivunja kifungu kile cha mapato, kwa sababu sheria ya afya ilikuwa na kodi na Seneti ndiyo iliyoiandika. Mwaka 2014 mahakama ya rufaa ya Washington ilitupilia mbali dai hilo. Majaji walisema lengo la sheria ni kuwapatia watu bima na si kukusanya mapato, kwa hiyo kifungu hicho hakiihusu. Yaani, kwa hoja ya majaji hao, Seneti ingeweza kuandika muswada wake kuanzia mwanzo, na kile kifuu hakikuwa na haja.