Faili la System.map pekee halitoshi kusoma nakala ya kumbukumbu ya kerneli

Wengi huamini kwamba kerneli (kiini cha mfumo endeshi) ya Linux ikianguka, ukiwa na System.map ya toleo lilelile, yaani orodha ya alama (majina ya vitendaji na vigeu vyake) na anwani zake, basi anwani zote unazo. Zamani ilikuwa karibu kweli. Tangu Linux 4.12 ya mwaka 2017, kwenye x86 (vichakataji vya aina ya Intel na AMD) kerneli kwa chaguo-msingi huhamishwa kwa bahati nasibu kila mashine inapowashwa (mbinu iitwayo KASLR), huku System.map ikibaki na anwani zilizopangwa wakati wa kujenga.

Tuseme _text (alama ya mwanzo wa msimbo wa kerneli) iko ffffffff81000000 kwenye System.map na msogeo, yaani umbali iliyohamishwa, ni 1c000000 kwa heksa: kumbe kwenye kumbukumbu ilikuwa ffffffff9d000000. Ukisahau kuujumlisha, utasoma takataka, na ubaya wake ni kwamba baadhi ya takataka hizo hufanana na data halali.

Ndiyo maana kerneli hujiandikia VMCOREINFO, maelezo mafupi yanayoingia kwenye nakala ya kumbukumbu: msogeo huo, phys_base (msogeo wake kwenye kumbukumbu halisi), ukubwa wa kurasa na anwani za alama muhimu. Utazame msogeo hivi, vmcore ikiwa ndiyo faili la nakala ya kumbukumbu:

strings vmcore | grep KERNELOFFSET

Kisha ifungue nakala kwa programu ya crash, kwa amri crash vmlinux vmcore; vmlinux ni faili la kerneli lisilobanwa. Programu hiyo itaujumlisha msogeo yenyewe. Lakini vmlinux lazima itoke kwenye ujenzi uleule na iwe na taarifa za utatuzi. Namba ya toleo kulingana haitoshi, maana kubadili chaguo moja tu la usanidi huweza kuhamisha alama.

Nakala ya mashine pepe iliyochukuliwa kutoka nje huweza kukosa VMCOREINFO. Hapo iongezee crash chaguo --kaslr=auto, ijaribu kuukokotoa msogeo, au uandike msogeo mwenyewe badala ya auto.