Kabla hujatamka bei yadi, jua gari limemgharimu muuzaji shilingi ngapi

Wengi wanaoniomba niwasindikize yadi ya magari huwa wamejiandaa kwa jambo moja tu: kuikataa bei ya kwanza. Muuzaji akisema milioni 19, wao tayari wana 15 mdomoni. Atashuka, watapanda, watakutana kwenye 17 au 18, kisha watapeana mikono kila mmoja akiamini amemzidi mwenzake. Muuzaji anaifahamu safari hiyo kituo kwa kituo, na ndiyo maana alianza na 19.

Kazi yangu ni kukagua magari yaliyotumika yanayotoka Japani na kumsimamia mnunuzi mpaka kadi isome jina lake. Kabla ya hapo niliuza magari yadi, hapa hapa Dar, kwa hiyo meza ile nimeikalia pande zote mbili. Ninachowaambia wateja ni hiki: usianze na bei iliyobandikwa kwenye kioo, anza na gharama iliyolifikisha gari hapo. Na uzuri ni kwamba gharama hiyo unaweza kuikisia kwa karibu sana ukiwa umekaa kwako, kwa sababu karibu nusu yake ni kodi, na kodi si siri.

Ingia kwenye tovuti ya TRA, mamlaka ya mapato, utafute kikokotoo cha magari yaliyotumika. Unachagua aina ya gari, modeli, mwaka wa kutengenezwa, ukubwa wa injini na nchi linakotoka, nacho kinakupa thamani ambayo TRA wanaitambua pamoja na kodi yote. Ushuru wa forodha ni 25% ya CIF, yaani bei ya gari pamoja na bima na usafiri wa meli hadi bandarini. Unafuata ushuru wa bidhaa unaotegemea injini: zaidi ya cc 1000 hadi 2000 ni 5%, likivuka hapo ni 10%. Halafu kuna ule unaouma, wa uchakavu: gari la miaka 8 hadi 10 linaongezewa 15%, likizidi miaka 10 ni 30%. Juu ya mlundikano wote huo inakuja VAT ya 18%.

Chukua gari la CIF 100, injini ya cc 1300, lililovuka miaka 10. Forodha inalifikisha 125. Uchakavu ni 30% ya hiyo 125, yaani 37.5, na ushuru wa bidhaa ni 6.25. Umefika 168.75. Piga VAT, unakaribia 199. Kwa maneno mengine, gari la namna hiyo serikali inalinunua mara ya pili, na hapo hujagusa tozo ndogo ndogo za reli na za forodha. Toyota waliacha kutengeneza IST mwaka 2016, kwa hiyo karibu kila IST inayoshushwa bandarini sasa inaingia kwenye kundi hilo la 30%. Ndiyo sababu watu wanashangaa kigari kidogo vile kinauzwa bei ile. Si tamaa ya mwenye yadi peke yake.

Upande wa CIF nao uko wazi. Kampuni za Japani zinazouza mtandaoni zinaandika bei ya gari mpaka Dar es Salaam. Tafuta magari matatu au manne yanayofanana na unalolitaka: mwaka ule ule, injini ile ile, kilomita zinazokaribiana. Tuseme wastani ni dola 3,000, na dola ni shilingi 2,500. Hiyo ni milioni 7.5. Kodi ikikaribia kiasi hicho hicho, uko kwenye 15. Ongeza gharama za bandari, wakala wa forodha na usajili, tuseme milioni moja. Gari limesimama yadi kwa 16 na kidogo. (Hizi ni tarakimu za mfano, zako zitoke kwenye kikokotoo siku ile ile unayokwenda, maana dola haitulii.) Wenye yadi wakubwa hununua moja kwa moja mnadani Japani, chini ya bei ya mtandaoni, hivyo hesabu yako inaweza kuwa juu kidogo kuliko ukweli. Hilo lisikusumbue. Mtu anayekodi kiwanja, anayelipa mlinzi na kijana wa kuosha magari kila asubuhi lazima apate faida. Unachokataa wewe ni kulipia faida usiyoijua ukubwa wake.

Kuna swali moja ambalo wanunuzi hawaulizi, nami huliuliza kabla ya jingine lolote: gari ni la nani? Sehemu kubwa ya magari unayoyaona yamepangwa yadi si mali ya yadi. Mengine yameletwa na waagizaji kwa mali kauli, mengine ni ya mtu binafsi aliyeliacha liuzwe. Mwenyewe amesema anataka 15, yadi inaweka cha juu, dalali aliyekuleta naye ana cha juu chake. Ukijua gari ni la mtu, unajua pia kwamba kijana anayekuapia "hiyo ndiyo bei ya mwisho, bosi" hana mamlaka ya kushusha. Mwambie kwa upole ampigie mwenye mali, ukiwa umesimama hapo hapo.

Mazungumzo huwa hivi. Juzi juzi nilikuwa na mteja, muuguzi, tumesimama mbele ya IST ya kijivu.

"Dada yangu, kwa sababu umekuja na kaka ambaye tunafahamiana, nakupa kumi na nane na nusu. Chuma kimetulia, mwenyewe unaona."

"Bei hatujafika," nikamwambia. "Hili ni lenu au la mtu?"

"La kwetu."

"Limeshuka lini?"

Akaangalia pembeni kidogo. "Mwezi wa saba."

Siku hiyo tulikuwa Januari. Gari lililokaa nusu mwaka kwenye jua la Dar limeshika hela za mtu, na huenda hela zenyewe ni za mkopo. Sikusema hayo. Nilimwonyesha kikokotoo kwenye simu, tukajumlisha pamoja kodi na CIF, nikamuuliza ni wapi nimekosea. Alipinga gharama ya bandari, nikaongeza laki mbili bila ubishi. Ukimruhusu mtu arekebishe hesabu yako, ameikubali hesabu yenyewe. Tangu hapo tulikuwa tunazungumzia faida yake, si punguzo letu, na yule dada alikuwa kimya muda wote kama nilivyomwomba. Wateja nawakataza mambo mawili: kukaa kwenye usukani wakitabasamu, na kutaja kwamba wana fedha taslimu kwenye pochi.

Ukaguzi nao ni sehemu ya bei. Watu wanautenganisha: fundi anakagua, akisema gari zima ndipo wanaanza kuvutana. Mimi navitumia pamoja. Fungua mlango wa dereva uangalie ubavuni, kisha fungua boneti. Mara nyingi utakuta kistika cha Kijapani cha kubadilisha oili, chenye tarehe na kilomita. Wajapani huandika mwaka kwa enzi ya mfalme wao: Reiwa, ambayo hufupishwa R, unajumlisha 2018; Heisei, yaani H, unajumlisha 1988. Kwenye ile IST dashibodi ilisoma kilomita 68,000. Kistika kilisema R3, kilomita 112,000. Yaani mwaka 2021 gari lilikuwa limeshatembea 112,000, halafu likafika Dar limerudi utotoni.

Nilipiga picha, nikamwita muuzaji pembeni, nikamwonyesha. Hakuna haja ya kumwaibisha mtu mbele ya wateja wengine. Akishaaibika atashikilia bei kwa hasira. Si ajabu hata yeye hakujua, maana kilomita huchezewa na mikono mingi njiani. Lakini gari la 112,000 halilingani bei na la 68,000, na hapo nikarudi kwenye simu kutafuta CIF ya magari yenye kilomita hizo.

Omba pia karatasi ya mnada. Ile ina mchoro wa gari na herufi: A ni mkwaruzo, U ni bonyeo, W ni sehemu iliyonyooshwa na kupigwa rangi, XX ni kipande kilichobadilishwa. Juu kuna alama ya jumla. 4 ni gari zuri kwa umri wake, 3.5 bado linafaa, na ukiona R au RA ujue liliwahi kupata ajali likatengenezwa. Sisemi usinunue R. Nimewasimamia watu wakanunua R nzuri tu, lakini kwa bei ya R. Yadi ikikujibu kwamba karatasi imepotea, chukulia kwamba ipo na haisomeki vizuri upande wao.

Matairi yana tarakimu nne pembeni, wiki na mwaka: 2217 ni wiki ya 22 ya mwaka 2017. Tairi linaweza kuwa na kashata nzuri na bado likawa limezeeka. Na gari liwashwe likiwa la baridi. Ukifika ukakuta injini ina moto, ahirisha, njoo kesho asubuhi bila kupiga simu.

Kama gari lina namba tayari, mambo yanaongezeka. Wabongo tuna ugonjwa wa herufi: namba E inaonekana mpya, namba C imezeeka. Herufi inakuambia gari lilisajiliwa lini Tanzania, haikuambii lilitengenezwa lini. Ukiwa bado umesimama hapo, ingiza namba kwenye mfumo wa polisi wa TMS uone faini, na kwenye mfumo wa TARURA uone deni la maegesho. Madeni hayo yakatwe kwenye bei au yalipwe mbele yako. "Tutalipa, usijali" haimo kwenye msamiati wangu.

Kuhusu wakati: Desemba sipendi kununua. Wachaga wanapanda Moshi, kila mtu anataka kufika nyumbani na usafiri wake, na yadi wanalijua hilo. Kuanzia katikati ya Januari, ada za shule zikishawamaliza watu, simu za wauzaji zinaanza kupiga zenyewe. Kuna faida nyingine ya mwaka mpya: tarehe moja ikipita, kila gari lililo uwanjani limezeeka mwaka mmoja kwenye karatasi.

Ukitaka kubadilisha gari lako la zamani na kuongezea hela, usilitaje mpaka bei ya jipya imekubaliwa na kuandikwa. Ukiyachanganya, watakupa bei nzuri ya gari lako na kuirudisha kwenye lao, nawe utaondoka ukisifia. Mkopo wa yadi ni vivyo hivyo. Kauli yao ni kianzio kiasi fulani na kilichobaki kwa miezi sita, "bila riba". Uliza bei ya taslimu kwanza, kisha jumlisha malipo yote ya mkopo. Tofauti ndiyo riba, hata kama hakuna aliyeitaja kwa jina. Na uliza kadi itakaa kwa nani kipindi hicho, kwa jina la nani, na likiibiwa kabla hujamaliza nani anabeba hasara.

Bei itajwe kwa shilingi. Tangu mwaka 2025 kanuni zinakataza kutangaza na kulipia kwa fedha za kigeni bidhaa zinazouzwa ndani ya nchi, kwa hiyo anayekuambia "dola elfu saba" anakuhamishia hatari ya dola, tena anavunja sheria.

Mkishafika mahali ambapo muuzaji kweli hashuki tena, na utamjua, kwa sababu ataacha kukuita bosi na kuanza kukuita kwa jina, acha kuvuta bei. Vuta vitu. Laki tano ya mfukoni kwake inauma. Matairi mawili, betri au servisi anavipata kwa bei ya jumla na fundi ni wake. Bima kubwa kwa kawaida iko kwenye 3.5% ya thamani ya gari, na kwenye gari la milioni 17 hiyo inakaribia laki sita. Yule muuguzi alimaliza kwa milioni 16.4, matairi mawili ya mbele na bima kubwa ya mwaka.

Malipo yaingie benki, kwenye akaunti ya jina lile lile litakalotoa risiti, si kwenye simu ya kijana. Mkataba wa mauziano uandikwe namba ya chesisi, nawe mwenyewe uilinganishe na iliyogongwa kwenye gari. Watakuomba risiti ya EFD isome bei pungufu, "ili sote tupunguze makato". Kataa. Siku injini ikigoma na ukaamua kudai chako, utakachoweza kuthibitisha ni kile kilichoandikwa kwenye ile risiti.