Kuuza vyombo kabla ya kuhama: hesabu siku kwanza, bei baadaye

Mwaka tuliohama Majengo kwenda Kisauni, hapa hapa Mombasa, mimi ndiye niliyewekwa barazani kuuza. Mama alikuwa ndani akifunga sahani kwa magazeti, mimi nje na mkeka mmoja na vyombo juu yake. Akaja mwanamke mmoja, akaokota kibao cha mbuzi, akakikunjua, akapitisha kidole gumba juu ya ule ulimi wa chuma, polepole, jino kwa jino. Akauliza bei. Nikamwambia shilingi 200. Hakuomba kupunguziwa, alilipa, akakikumbatia, akaondoka. Siku hizi mnunuzi asipoomba kupunguziwa hata shilingi, najua ameona kitu ambacho mimi sijakiona.

Jioni mama akaulizia kibao chake. Kilikuwa cha nyanya, mbao yake mvule, na meno yake yalikuwa bado yanakuna nazi ikatoka laini. Hakunigombeza. Alisema tu, "Hukuniuliza, mwanangu." Wali wa nazi wa kwanza tuliopika Kisauni, nazi tuliikuna kwa kibao cha jirani ambaye hatukuwa tumelijua hata jina lake.

Leo kazi yangu ni hiyo hiyo, kuwauzia watu vyombo vyao kabla hawajahama. Nimeifanya Tudor, Kizingo, Mikindani, Bamburi na ng'ambo Likoni, katika maghorofa na katika nyumba za Kiswahili. Watu huniita wakitaka niwasaidie kupatana bei. Mimi huanza na maswali mawili ambayo hawakuyatarajia: hivi vyombo ni vya nani, na zimebaki siku ngapi kabla ya kurudisha funguo? Mauzo yaliyoharibika mbele ya macho yangu mengi yaliharibikia hapo, kabla mnunuzi wa kwanza hajapiga hodi.

Vya nani, basi. Jioni moja, wiki tano hivi kabla ya kuhama, nyumba nzima ikae pamoja, na watoto wakiwemo. Pitieni chumba kwa chumba. Kisichouzwa kifungwe uzi mwekundu. Siku ya mauzo vyote vyenye uzi viingie chumba kimoja, mlango ufungwe, na ufunguo awe nao mtu mmoja tu. Msitegemee kumbukumbu. Asubuhi ya mauzo kuna watu kumi wanaouliza bei kwa pamoja, na anayewajibu mara nyingi ni kijana aliyekuja kusaidia, asiyejua ni birika lipi lililoletwa harusini na nani.

Mtoto naye aulizwe. Baiskeli yake ikiuzwa, pesa apewe mkononi. Nimewahi kumwona mtoto wa miaka 6 akimfuata mnunuzi mpaka kwenye tuktuk akilia, kwa sababu ya gari la plastiki lililouzwa shilingi 50. Nilimrudishia yule mnunuzi pesa zake mimi mwenyewe.

Halafu kuna kasha la nyanya, kitanda cha samadari, kiti cha enzi. Kama mwenyewe amefariki na mirathi haijagawanywa, kitu hicho ni cha warithi wote, aliye Malindi na aliye Maskati, wala hakiwi chako kwa kuwa kimekaa sebuleni kwako miaka 20. Wapigieni simu wote. Kwa Waislamu mafungu yanajulikana, na mkishindwa kuelewana Mahakama ya Kadhi iko hapa hapa mjini. Na mlango wa kuchongwa usiguswe kabisa kabla ya kuuliza: Sheria ya Makavazi na Turathi ya 2006 imeitaja milango na miimo iliyochongwa kabla ya 1946 miongoni mwa vitu vinavyolindwa. Ofisi ya Makavazi iko Fort Jesus, kuuliza ni asubuhi moja. Nasema haya kwa uchungu, kwa sababu mnunuzi wa vitu vya kale hapotezi muda. Akilipa saa 4, saa 5 kasha liko kwenye pikapu, na familia inabaki na ugomvi wa miaka.

Sasa siku. Kila mnunuzi huuliza, "Mnahama lini?" Jibu lako ndilo linaloweka bei, kuliko hali ya kitu chenyewe. Tuseme meza ya kulia unataka 9,000. Zikiwa zimebaki siku 20, anayetoa 6,000 unaweza kumwambia aende akafikirie, na wengi wao hurudi. Zikibaki siku mbili, anayetoa 3,000 utamshukuru na kumsaidia kubeba.

Watu wengi huhama mwisho wa mwezi, na mishahara nayo huingia mwisho wa mwezi. Ukingoja mshahara wa mwezi unaohama, umechelewa: pesa zinaingia mifukoni mwa watu siku unayofunga lori. Kwa hiyo vikubwa, yaani friji, vitanda, kabati na makochi, vitangazwe mwisho wa mwezi uliotangulia, kabla watu hawajamaliza kulipa kodi za nyumba. Hamtalala chini, kubalianeni na mnunuzi siku ya kuja kuchukua. Anayesema "niwekee" aache arubuni, muandikiane, na asipotokea siku mliyopatana, kitu kirudi sokoni. Vidogo vyote viuzwe siku moja, Jumamosi ya katikati ya mwezi. Sufuria ya 300 haingoji mshahara.

Majira nayo yana neno. Aprili na Mei mvua za masika zinaweza kuzima mauzo ya nje nusu saa baada ya kupanga. Januari wazazi wanalipa karo, mfuko mkavu. Wiki mbili kabla ya Ramadhani ni wakati mzuri sana wa sufuria kubwa, chupa za chai na blenda. Mapazia na mazulia huenda vizuri Idi ikikaribia. Ijumaa usiweke mauzo. Jumamosi anza saa 1 asubuhi, kabla jua halijakaa juu ya vichwa vya watu, na ifikapo saa 6 uwe unakusanya.

Mahali si jambo la kuumiza kichwa: uani, barazani, au kwenye maegesho ya ghorofa baada ya kumwambia keateka, yaani msimamizi wa jengo, na mwenye nyumba. Msivuke geti mkapanga kando ya barabara, askari wa kaunti watakuja. Mji wa Kale, ambako gari haliingii vichochoroni, mtafutie mnunuzi mwenye mkokoteni mapema.

Niseme juu ya friji, kwa sababu ndiyo hubeba nusu ya pesa za siku katika nyumba nyingi. Iwashe tangu jana yake, na utie chupa ya maji upande wa barafu. Mnunuzi akifungua akakuta chupa imekuwa jiwe, maneno yamekwisha. Kabla ya hapo, mlango wake upime mwenyewe: weka karatasi, funga, uivute. Ikitoka bila kushikwa, mpira wa mlango umechoka. Useme wazi na upunguze bei. Inama uangalie miguu na nyuma, maana hewa yetu ya chumvi hula chuma kutokea chini, na mnunuzi mzoefu wa Mombasa huanza kuangalia hapo, si mlangoni. Kutu usiifunike kwa rangi. Ikwangue, uioneshe. Na mwambie anayeichukua aisafirishe ikiwa imesimama. Ikilazwa, mafuta ya kompresa huingia kwenye mabomba, na akiiwasha papo hapo anaweza kuiua. Mimi huwaambia waiache wima mpaka kesho yake ndipo waiwashe. Mnunuzi ambaye friji yake imefika salama atakuletea wa makochi.

Mbao: gonga, sikiliza, angalia chini yake. Unga laini sakafuni maana yake kuna mdudu anayepekecha, na kabati hilo si la kumuuzia mtu likamwambukize nyumba. Mvule na msaji visipewe bei moja na mbao za kubandikwa zilizovimba kwa unyevu. Kitanda tangaza kwa vipimo vya futi, 4 kwa 6, 5 kwa 6 au 6 kwa 6, kwa kuwa mtu anapimia godoro alilonalo, na ukifungue skrubu kabla ili kiingie kwenye tuktuk. Skrubu zitie kwenye soksi, uifunge kwenye kichwa cha kitanda. Kitanda kisicho na skrubu zake ni kuni.

Vifaa vya umeme viwe na soketi karibu, kila mtu ajaribu. Angalieni blenda na pasi zilizoletwa na jamaa kutoka Marekani: za kule ni volti 120, zetu 240, na kifaa kisichokubali zote mbili kikichomekwa bila transfoma kinaungua mbele ya mnunuzi. Zile televisheni za zamani zenye mgongo mkubwa hazina bei tena tangu Kenya ilipozima matangazo ya analogi 2015. Bila dekoda hazioneshi kitu. Vitabu vya shule vichambueni. Mtihani wa mwisho wa KCPE, ule wa kumaliza shule ya msingi, ulifanywa 2023, kwa hiyo vitabu vya darasa la 8 vya mtaala wa zamani wa 8-4-4 ni karatasi za kufungia sahani. Vya kidato cha 4 bado vina mwenyewe, maana kundi la mwisho la 8-4-4 ni la KCSE, mtihani wa kidato cha 4, ya 2027. Nguo msizipoteze muda, wapeni mali kwa mali, wale wachuuzi wanaobadilishana vyombo kwa nguo, wawape mabeseni, au zipelekeni kwa wanaohitaji.

Na msisahau magunia na makatoni ya kubebea. Mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku Agosti 2017, na nimeona mtu akirudisha vikombe 12 kwa kukosa pa kuvitia.

Bei nazo ziandikeni daftarini usiku wa kuamkia mauzo: bei ya kutaja, na bei ya mwisho ambayo hamshuki chini yake. Nyumba nzima iijue, ili mnunuzi akitoka kwa mama akaenda kwa baba asipate mbili tofauti. Kabla ya kuandika, fikirieni mnunuzi atabebaje. Kabati linalohitaji lori la Canter kuvuka feri ya Likoni limeshaongezewa gharama kabla hajakulipa, kwani mtu kwa miguu havukii pesa lakini gari hulipa. Mtu akiniambia, "Mama, mwisho ngapi hii?" sipunguzi haraka, humwongezea kitu: "Shika bei yangu, chukua na hizi bakuli mbili." Bakuli zile ningezitoa bure jioni, na yeye anaondoka na furaha ya kweli.

Pesa za simu msizipokee kwa kuoneshwa ujumbe kwenye simu ya mnunuzi. Ngojeni wenu, kisha hakikisheni salio la M-Pesa kwa *334#. Ujumbe wa kubuni unaandikika kwa dakika moja, na anayeuandika huchagua saa ambayo uani kumejaa. Kwa friji, televisheni, simu na kompyuta, toeni karatasi ya mauziano yenye tarehe, majina, nambari ya kifaa na sahihi mbili, pamoja na risiti ya dukani kama ipo. Kupokea mali ya wizi ni kosa kubwa katika sheria ya Kenya, na mnunuzi mwaminifu ana haki ya kuwa na kitu cha kumwonesha askari akisimamishwa njiani na televisheni begani.

Kuanzia saa 5 shusheni bei za vidogo. Saa 6 ikilia, atakuja mchuuzi mmoja kutaka kufunga vyote vilivyobaki kwa pesa moja. Kama vikubwa vilishauzwa, mpeni. Kama bado, mpeni vidogo peke yake. Vyuma viende kwa kilo kwa wanunuzi wa chuma chakavu.

Vitu vitano visiuzwe mpaka lori lifike, hata mtu akiving'ang'ania vipi: mkeka, fagio, sufuria moja, kisu, na birika la chai. Vitieni kwenye kikapu kimoja, kikapu kiwe cha mwisho kupakiwa, ili kiwe cha kwanza kushushwa. Na kwenye kikapu hicho hicho, chini kabisa, mimi huweka kibao cha mbuzi cha mwenye nyumba, nikiwa nimeshamuuliza.