Nani anabisha Hill House?

Kazi yangu ni kuhariri sauti za filamu, kwa hiyo nikiulizwa filamu ya kutisha ninayoihusudu, siwazi damu wala meno. Nawaza The Haunting ya mwaka 1963, ambayo Robert Wise aliitoa kwenye riwaya ya Shirley Jackson, The Haunting of Hill House, iliyochapishwa 1959. Mzimu wa humo hauonekani hata mara moja. Unasikika tu.

Wise alianzia studio ya RKO, kwenye chumba cha sauti, kabla ya kuhariri filamu ya Citizen Kane. Baadaye akaongoza filamu chini ya Val Lewton, mtayarishaji aliyeamini kuwa giza humtisha mtazamaji kuliko dude lolote. Mtu wa namna hiyo hawezi kuisoma riwaya ya Jackson asione kwamba hofu yake imejengwa juu ya kubisha hodi.

Eleanor, mhusika mkuu, ana miaka 32, na 11 kati ya hiyo ameimaliza akimuuguza mama yake, aliyekuwa akimwita kwa kugonga ukuta. Usiku wa kufa kwake mama aligonga, na Eleanor hakwenda. Mwenyewe hana hakika kama alikuwa amelala fofofo, au aliamka, akasikia, akajifunika tena. Sasa yuko Hill House, nyumba inayosemekana kuwa na mizimu, kwa mwaliko wa mtafiti wa mambo ya mizimu. Kishindo cha kwanza kinapomwamsha usiku, anaitika kabla usingizi haujamtoka: nakuja, mama.

Kwa hiyo anayebisha si mzimu wowote tu, ni deni. Lakini Theodora, mgeni mwenzake, naye anasikia, basi huwezi kusema ni ndoto ya Eleanor. Wanaume wawili wa kundi lao, waliotoka nje kukimbiza kitu kama mbwa, hawajasikia lolote. Jackson anakuacha hapo hapo, hakusaidii.

Wise naye hakusaidii. Baadhi ya sauti alizirekodi mapema, akawasikilizisha Julie Harris (Eleanor) na Claire Bloom (Theodora) wakati wa kupiga picha, ili wawe na kitu halisi cha kuogopa. Ule mlango unaovimba kama tumbo linalovuta pumzi ni mbao nyembamba zilizogandishwa pamoja, na nyuma yake mtu anasukuma kwa gogo. Basi! Lenzi pana waliyotumia ilikuwa bado haijakamilika, inapinda kingo za picha, na Wise aliitaka hivyo hivyo. Inaifaa nyumba ambayo Jackson aliinyima hata pembe moja iliyonyooka.

Kinachoniudhi ni mawazo ya Eleanor kusomwa kwa sauti. Kitabu kinakaa kichwani mwake kimyakimya. Filamu inamfanya atamke kile ambacho uso wa Harris umeshakisema.

Mwisho nao umebadilika. Kitabuni Eleanor analielekeza gari kwenye mti yeye mwenyewe, na dakika ya mwisho anajiuliza kwa nini anafanya hivi, kwa nini hawamzuii. Kwenye filamu usukani unaonekana kumshinda nguvu, lawama inaiangukia nyumba. Hapo Jackson amemzidi Wise kwa mbali.

Ila maneno ya kufunga, kwamba kinachotembea humo hutembea peke yake, kitabuni ni ya msimulizi. Wise amempa Eleanor, aliyekwisha kufa, naye anasema "sisi". Hilo ndilo badiliko ambalo ningethubutu kulitetea mbele ya Jackson mwenyewe.